Bwana Afya Aliyengoja Uhamisho

Nikiona mtu anachimba shimo, liwe la choo, la nguzo au la kutupia taka, lazima nisimame kidogo nikadirie kina chake. Nimewahi kuachwa na basi kwa tabia hii. Aliyeniambukiza ni Bwana Afya wetu, na yeye aliyekuwa na dawa ya kila kitu hakuniachia dawa ya hilo.

Jina lake nalijua, ila sioni faida ya kulitaja. Hata barua zake zilifika zimeandikwa "Bwana Afya" tu, naye akazipokea bila kununa. Alikuwa mtu wa Pwani, na hilo ulilijua kabla hajakuambia. Asubuhi, sisi tukiwa tunaamkiana "Mwakeye", yeye alisema "Sabalkheri", kisha akasimama na kusubiri ajibiwe, kofia mkononi, mpaka mtu aone haya. Alikuwa mrefu, mwembamba, na suruali yake aliibana kwa kibanio cha nguo ili isinaswe na mnyororo wa baiskeli. Mara nyingi alisahau kukitoa, akahutubia mikutano ya hadhara akiwa hivyo hivyo.

Hiyo ni miaka ya sabini, watu walipokuwa wametolewa milimani na mabondeni wakapangwa kwenye vijiji vipya. Chetu kilikuwa kando ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo. Mimi nilikuwa mwalimu wa kike wa shule ya msingi: mchana nafundisha watoto, jioni nafundisha baba zao na mama zao kusoma. Bwana Afya alipanga chumba kwa mzee mmoja tuliyemwita Mzee Mwenye Nyumba, ambaye katika kijiji kizima ndiye pekee asiyehamishwa. Boma lake lilikuwa hapo tangu zamani, kijiji ndicho kilichomfuata. Jambo hilo lilimpa majivuno kidogo, na tulimsamehe.

Kazi ya Bwana Afya ilikuwa vyoo, visima, na kuwaambia watu wachemshe maji. Alitembea na kamba ya katani yenye mafundo, kila fundo futi moja, na jiwe limefungwa mwishoni. Akifika kwa mtu aliitumbukiza shimoni, akahesabu mafundo, kisha akamwangalia mwenye choo usoni. Kwa futi nne alisema, "Huyu anangoja mavuno aondoke." Kwa futi saba, "Huyu bado anajishauri." Siku aliyokuta futi kumi na mbili alimpa mwenye nyumba mkono akasema, "Wewe unataka kuozesha wajukuu hapa." Watu walicheka, lakini ukweli ni kwamba hakukosea mara nyingi.

Mabwana afya wengine tuliowasikia walitisha watu kwa faini. Yeye hakutoza mtu faini hata mara moja. Nakumbuka siku niliyofuatana naye kwa baba mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu wa jioni. Kamba ilishuka mafundo matatu na nusu ikagota.

"Bwana Afya, usinitazame hivyo," yule baba akasema. "Twebwe, sisi hapa, tumehamishwa mara mbili. Ya kwanza walituambia huko kuna maji. Ya pili wakatuambia huku kuna barabara. Mwaka kesho watapata lingine. Sasa hilo shimo la futi kumi na mbili namchimbia nani?"

"Una haki," Bwana Afya akajibu. "Migomba umepanda mingapi?"

"Mitatu."

"Ukipanda wa kumi, niite."

Akapanda baiskeli akaondoka. Nilimkasirikia njia nzima. Nilimwambia serikali haikumleta huku kuja kuhesabu migomba, na kwamba watoto wa yule baba wanaharisha sasa hivi, hawangoji ndizi ziive. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akanipa ule msemo wake ambao baadaye niliusikia mpaka nikauchoka: "Mwalimu wangu, mtu asiyejiona mwakani hachemshi maji ya leo."

Alimaanisha hivyo hasa. Aliamini kwamba kumweleza mtu habari za vijidudu ni kupoteza pumzi kama mtu mwenyewe hana hakika atalala wapi msimu ujao. Kwanza mpe sababu ya kukaa, vijidudu vitajieleza. Kule upande wa Nyabibuye alikutana na mama mmoja aliyekimbia kutoka ng'ambo ya mpaka, mwenye furushi lililofungwa mlangoni usiku na mchana, tayari kubebwa. Alipomweleza habari za maji, yule mama alimjibu, "Maji ya kuchemsha ni ya watu wanaokaa." Bwana Afya hakubishana naye. Alirudi safari ya pili na mbegu za maharage, safari ya tatu akamtafutia jembe, na safari ya nne, alivyonisimulia mwenyewe, alikuta furushi limefunguliwa na chungu kiko jikoni kinatokota maji matupu. Alisimulia hadithi hiyo kila alipopata wasikilizaji, na kila mara maharage yaliongezeka.

Lakini nisimpambe sana. Nadharia yake ilikuwa na matundu. Pale kijijini palikuwa na mfanyabiashara wa chumvi aliyechimba futi kumi na nne, akajenga kwa matofali, akatia mlango na kufuli. Bwana Afya alimsifu mkutanoni mpaka watu wakapiga makofi. Baada ya miezi mitatu tukagundua choo kile hakijatumiwa na mtu yeyote. Kilikuwa cha wageni wakubwa, na wageni wakubwa hawakuja. Mwenyewe na familia yake waliendelea kwenda migombani. Nilimuuliza Bwana Afya kamba yake inasemaje kuhusu huyo. Akasema kamba inapima kina, haipimi akili.

Alikuja pia darasani kwangu jioni, siku za kipindi cha afya redioni. Betri za redio ya shule tulizianika juani mchana kutwa zipate nguvu, na bado sauti ilififia katikati ya somo. Hapo Bwana Afya alisimama akamalizia mwenyewe, tena kwa sauti ile ile ya mtangazaji. Bibi mmoja aliyeketi mbele aliniuliza siku moja kwa nini tunahangaika na betri wakati mtangazaji tunaye. Ni katika jioni mojawapo kama hizo aliposhika chaki akatuchorea pafu ubaoni, akatueleza kifua kikuu. Alisema ubaya wa ugonjwa huo si kukosa dawa. Dawa zipo. Ubaya ni kwamba mgonjwa hupata nafuu mapema, akaacha vidonge, na ukirudi unarudi na hasira. Nilikuwa nimeketi nyuma na wanafunzi wangu, na maneno hayo niliyaandika.

Sasa nieleze chumba chake, maana hapo ndipo palipokuwa na kichekesho.

Alikaa katika chumba kile miaka minne na hakikuonyesha dalili kwamba kuna mtu anaishi ndani. Palikuwa na kitanda cha kamba, kiti cha kuazima, na sanduku la bati lililofungwa kamba. Akitaka shati alifungua kamba, akatoa shati, akafunga tena. Chandarua alikuwa nacho, cha serikali, kipya, kimo humo sandukuni. Hakukitundika kwa sababu, alisema, misumari itaharibu ukuta wa Mzee. Ukuta wenyewe ulikuwa wa udongo na mijusi walipita humo wanavyotaka. Maji alikunywa popote alipokaribishwa, kwenye kibuyu chochote, bila kuuliza. Sigara alivuta moja baada ya nyingine. Halafu kulikuwa na jino. Jino la nyuma, upande wa kushoto, lililokuwa likimuuma tangu afike, na alilikataa katakata lisiguswe na mtu wa Kasulu kwa kuwa nyumbani kwao kuna daktari wa meno anayemwamini. Miaka minne alitafuna upande mmoja.

Na kila Januari aliandika barua ya kuomba uhamisho arudi Pwani.

"Bwana Afya," nilimwambia, "na wewe una migomba mingapi?"

"Mimi ni mgeni, Mwalimu."

"Miaka minne?"

"Mgeni mwenye subira."

Tulicheka wote wawili. Nilikuwa nikicheka kwa raha kabisa, nasema kweli, kwa sababu nilidhani ni vituko tu vya mwanamume asiye na mke karibu. Sikuona kwamba mtu huyu alikuwa anaishi ndani ya shimo la futi nne.

Mvua zilipoanza mwaka wa tano, alianza kukohoa. Vilima alivyozoea kuvipanda akipiga miluzi sasa alishuka akasukuma baiskeli. Suruali ikahitaji tundu jipya kwenye mkanda, kisha jingine. Nikimuuliza alisema ni vumbi, wakati wa mvua. Siku aliyotema damu kwenye leso mbele ya Mzee Mwenye Nyumba, Mzee alikwenda barabarani akasimamisha lori la kahawa, akarudi akamshika mkono kama mtu anayemsindikiza mgeni, nami nikapanda nyuma pamoja nao mpaka Kasulu.

Kilikuwa kifua kikuu. Walimlaza miezi miwili, sindano kila siku, na alipotoka walimpa vidonge vya kumeza nyumbani, atakavyokuwa akivichukua kila mwezi. Mganga wa hospitali alisema waziwazi mbele yetu: ni mwaka na nusu, bila kuruka siku.

Alirudi kijijini amenawiri, mashavu yamejaa, utani umerudi wote. Nilifurahi nikampelekea asali. Baada ya wiki nne au tano hivi nilikwenda kuazima wino kwake, nikaona kopo la vidonge juu ya sanduku. Nikalinyanyua. Lilikuwa zito vile vile kama siku alipolileta.

"Huvimezi," nikasema.

"Nimepona, Mwalimu wangu. Hebu niangalie."

"Ulituchorea pafu ubaoni wewe mwenyewe."

"Nilichora." Kisha akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto. "Hivi vidonge ni vya mwaka na nusu. Mimi mwaka na nusu siujui nitakuwa wapi. Safari hii barua yangu wataijibu, nasikia. Nikifika nyumbani nitaanza upya, nimalizie huko, kwa utulivu."

Nilikasirika sana. Nilimwambia atakufa hapa hapa akingoja kuondoka, na kwamba wale anaowacheka kwa futi tatu na nusu wana akili kuliko yeye, maana wao walihamishwa kwa nguvu. Nikatoka bila wino. Usiku huo sikulala vizuri, si kwa hasira bali kwa woga, kwa kuwa nilijua hakuna mtu wa kumlazimisha. Mwenye kazi ya kulazimisha watu habari za afya alikuwa yeye.

Asubuhi nilimwambia Mzee Mwenye Nyumba. Mzee alisikiliza huku akichonga mpini. Hakusema lolote zaidi ya "Ego", yaani ndiyo, na hata hiyo sikujua ni ndiyo ya nini.

Siku ya tatu akaita majirani. Tulikuta mtungi wa pombe ya ndizi uwanjani na, kwa heshima ya Bwana Afya asiyekunywa pombe, kibuyu cha juisi ya ndizi ambayo haijachachuka. Pembeni alifungwa mtamba mwekundu, hajazaa bado, mwenye pembe ndogo. Mzee akasema maneno mafupi: kwamba Bwana Afya amekaa kwake kama mwanawe, na mtamba huyu anampa. Bwana Afya aliguswa sana. Alisimama akatoa shukrani ndefu za Kipwani, akataja baraka za kila aina, akanywa juisi yote, akakaa. Watu wakashangilia na kucheka kupita kiasi. Hapo akanigeukia.

"Mwalimu, mbona wanacheka?"

Ikabidi nimweleze. Kwetu Buha ng'ombe wa namna hiyo si zawadi ya kusema asante ukaenda nayo. Ni kugabira. Ukimpokea mbele ya watu, ukanywa, umefungamana na aliyekupa. Utamlisha, utamtunza, na ndama wake wa kwanza, akishaachishwa ziwa, utamrudisha kwa mwenyewe kwa mkono wako. Kabla ya hapo humuuzi, humchinji, wala humwachii mtu. Mtu aliyepokea ng'ombe wa watu halafu akatoweka, hata watoto wake hutajwa kwa jambo hilo.

Bwana Afya alimwangalia yule mtamba kwa muda.

"Na nikihamishwa?" akauliza.

"Hahami mtu na ng'ombe wa watu," akajibu bibi yule wa darasani.

"Na nikifa?"

Mzee akashusha mrija wake wa pombe. "Hapo utakuwa umeniibia, mwanangu."

Uwanja mzima ulicheka isipokuwa mtu mmoja. Baadaye, wakati wa kuosha vibuyu, nilimuuliza Mzee kwa nini akatoa mtamba asiyezaa badala ya ng'ombe mwenye maziwa, maana mgonjwa angefaidi maziwa. Akanijibu, "Nilimsikia mganga. Mwaka na nusu. Huyu ni wa kupandwa sasa. Abebe mimba miezi tisa, anyonyeshe, ndama aachishwe. Hesabu wewe, si ndiwe mwalimu?" Nikahesabu. Nikamwamkia upya.

Ng'ombe humwamsha mtu. Alfajiri Bwana Afya alikuwa nje kumfungua, na kopo la vidonge alilitundika kwenye mwimo wa zizi, ili asiguse kamba ya mnyama kabla hajameza. Majani alikata mwenyewe, vibaya, wanakijiji wakaja kutazama. Siku moja nilisikia kishindo kinatoka chumbani kwake, nikadhani ameanguka. Alikuwa anapiga misumari ya chandarua. Mwezi uliofuata alikwenda Kasulu kuchukua vidonge akarudi amefunga shavu kwa kitambaa, jino limo mfukoni, akilionyesha kwa kila mtu. Sigara alipunguza, hakuacha; alidai mapafu yamekwisha kumzoea.

Kisha barua ikajibiwa. Ng'ombe alikuwa na mimba ya miezi sita. Bwana Afya aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa darasa langu, akaisoma tena, akaikunja. Pwani, wilaya ile ile aliyoiomba, nauli ya treni juu ya serikali. Siku mbili alitembea nayo mfukoni. Siku ya tatu alikuja kuazima wino, akaandika mbele yangu kwamba anaomba aachwe alipo kwa sababu za matibabu.

"Mbona hukuandika habari za ng'ombe?" nikamuuliza.

"Wangedhani ugonjwa umepanda kichwani."

Aliyeondoka nilikuwa mimi. Sikuomba uhamisho, nao ukanijia: nilihamishiwa ghafla shule ya mbali, upande wa pili wa Kasulu, ng'ombe akiwa bado hajazaa. Mwanzoni nilipata habari za kijijini kwa madereva wa malori. Baadaye madereva walibadilishwa njia, habari zikakatika. Nikawaza mara nyingi kama bado anameza, au kama ng'ombe aliharibu mimba, akapata udhuru. Mtu anayejua kungoja kuondoka hasahau upesi.

Nilikutana naye hospitalini Kasulu. Mimi nilikuwa nimempeleka mtoto wa shule aliyevunjika mkono. Kwenye benchi la chumba cha picha za kifua alikaa mtu mrefu, mnene kidogo, kofia magotini.

"Sabalkheri, Mwalimu wangu."

Nikakaa kando yake. Akaniambia leo ndiyo siku ya mwisho, wamempiga picha, anangoja majibu. Akaniambia ndama alizaliwa dume, na kwamba juzi alimrudishia Mzee, kwa mkono wake, mbele ya watu wote, na Mzee akanung'unika kwamba alitegemea jike. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nikuambie kitu," akasema. "Zamani sikuwa naogopa. Nilitema damu na sikuogopa, wallahi, nilisikitika tu kwamba nachelewa kwenda nyumbani. Sasa naogopa. Nikisikia jirani anakohoa naamka. Maji nachemsha mara mbili. Leo alfajiri nimesali mpaka dereva akaniambia lori linaniacha." Alishika kofia kwa mikono yote miwili. "Hapa nilipokaa, natetemeka."

Nilimshika kiwiko, jambo ambalo si la mwalimu wa kike kumfanyia mwanamume asiye wake hadharani, na watu waangalie wanavyotaka.

Nesi akatoka na picha mkononi. Alikuwa msichana mdogo, mwenye haraka, hakujua amebeba nini.

"Mzee, kifua chako ni safi. Umemaliza dawa."

Bwana Afya akalia. Alilia wazi, bila kujificha, machozi yakamdondokea kwenye kofia, na mimi nikalia naye. Nesi akatusubiri, kisha akamnyooshea kadi yake.

"Basi. Nenda nyumbani."

"Nirudi lini?"

"Usirudi. Nimekwambia umepona."

Akaisukuma kadi ile taratibu, ikarudi mkononi mwa nesi. "Najua, mwanangu. Niandikie tarehe hata hivyo."

Nesi akanitazama mimi, kama ndimi mwenye mgonjwa. Nikatikisa kichwa kumkubalia. Akatoa kalamu, akafikiri kidogo, akaandika siku ya mwaka uliofuata. Bwana Afya akaisoma kwa sauti, siku, mwezi na mwaka, kisha akamwomba aandike na nyingine chini yake.